Wiki 41 na uchungu hauji: Nilivyoanzishiwa uchungu, na unachopaswa kujua kama ni mimba yako ya kwanza

Tarehe 26 Machi, saa 2:00 asubuhi, nilifika hospitali nikiwa na begi la nguo za mtoto, kadi ya kliniki na tumbo la wiki 41. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa uchungu wenyewe.

Wengi wetu tunaijua habari ya kujifungua kama tunavyoiona kwenye filamu. Chupa inapasuka usiku, Bajaji inaitwa, watu wanakimbia, dakika kumi baadaye mtoto analia. Hakuna aliyenisimulia kuhusu mama anayeingia wodini anatembea mwenyewe, amekunywa chai yake, halafu anaambiwa: "Leo tunakuanzishia."

Ilikuwa mimba yangu ya kwanza na niliogopa. Nilikuwa nimesikia mengi mtaani: kwamba uchungu wa dawa ni mkali kuliko wa kawaida, kwamba ukianzishiwa lazima uishie kwa operesheni, kwamba ni watu wa hospitali tu wana haraka zao. Kuna la kweli humo ndani na kuna la uongo. Nimeandika hapa nilichokipitia, pamoja na nilichokuja kukielewa kuhusu kila hatua.

Hizo wiki zinahesabiwaje?

Kliniki wanakuuliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Kutoka hapo wanaongeza siku 7, halafu wanarudi nyuma miezi 3. Yangu ilikuwa 12 Juni. Ongeza siku 7 unapata 19 Juni, rudi nyuma miezi mitatu unapata 19 Machi. Hiyo ndiyo tarehe ya matarajio, yaani wiki 40 au siku 280.

Sasa usije ukadhani tarehe hiyo ni ahadi. Ni makadirio tu. Kuna wanaojifungua wiki mbili kabla na kuna wanaopitiliza, na mimba ya kwanza kupitiliza siku kadhaa si jambo la ajabu.

Ndiyo maana kipimo cha ultrasaundi cha mapema kina thamani kubwa. Mimba ikiwa changa, kipimo kinakadiria umri wake vizuri zaidi. Ukisubiri mpaka mwezi wa nane ndipo upime kwa mara ya kwanza, makadirio yanaweza kupishana na ukweli kwa wiki mbili au zaidi. Na kama tarehe si sahihi, mtu anaweza kuanzishiwa uchungu akidhaniwa amepitiliza kumbe mtoto bado hajakomaa.

Kwa nini wasisubiri tu?

Hili ndilo swali nililomuuliza daktari. Jibu lake lilihusu kondo la nyuma.

Kondo ndilo linalompa mtoto chakula na hewa akiwa tumboni. Mimba ikipitiliza, kazi yake inaweza kuanza kupungua. Maji yanayomzunguka mtoto nayo yanaweza kupungua. Mtoto anaweza kunyea tumboni na kuvuta uchafu huo kwenye mapafu. Na hatari ya mtoto kufia tumboni, ingawa ni ndogo, huongezeka kadiri siku zinavyosogea baada ya wiki 41.

Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mama ambaye ana uhakika amefikisha wiki 41 aanzishiwe uchungu.

Kupitiliza si sababu pekee. Mama anaweza kuanzishiwa pia kama:

- Ana presha ya ujauzito au dalili za kifafa cha mimba
- Ana kisukari
- Chupa imepasuka lakini uchungu hauji
- Mtoto haongezeki uzito vizuri tumboni
- Mtoto amefariki tumboni

Chupa ya shangazi

Hapa naomba nikiri jambo.

Siku mbili kabla, shangazi yangu alikuja kutoka Morogoro kunisubiri nijifungue. Alikuja na chupa ya maji ya kunywa, ila ndani yake kulikuwa na maji ya mizizi, rangi kama ya chai iliyopoa. "Kunywa mwanangu," akaniambia. "Hii ndiyo tuliyozalia sisi. Ya hospitali utasubiri mpaka uchoke."

Shangazi ananipenda. Alfajiri ya siku ile ya kwenda hospitali, saa 11:00, nikanywa mafunda mawili. Yalikuwa machungu, nikaishia hapo.

Nilipolazwa, nesi mkunga mmoja, mtu mzima wa makamo, alinipima presha, mkojo, mkao wa mtoto na mapigo ya moyo wake. Kisha akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, nakuuliza na usinifiche. Umekunywa kitu chochote cha kuleta uchungu? Cha dukani au cha nyumbani?"

Nikamwambia hapana.

Niliona aibu. Niliogopa atanigombeza mbele ya wenzangu, na sikutaka shangazi aliyekaa pale nje aonekane mtu mbaya. Nesi akaandika kwenye faili, akaondoka.

Alirudi baada ya kama nusu saa na kikombe cha dawa mkononi. Nilipokiona kile kikombe moyo ukanipiga. Nikasema: "Sista, samahani. Nilikunywa. Mafunda mawili, saa kumi na moja."

Hakunigombeza. Alikiweka kikombe mezani, akavuta kiti. "Umefanya vizuri kusema," akaniambia. "Basi hii hatukupi sasa. Tunasubiri."

Kwa nini alisubiri?

Baadhi ya mizizi na majani yanayotumika kuleta uchungu yana nguvu kweli ya kuubana mfuko wa uzazi. Watu hawakuyatumia miaka yote hiyo bure. Shida ni kwamba hakuna anayejua kwenye chupa ile kuna kiasi gani cha dawa, wala itaanza kufanya kazi saa ngapi.

Dawa ya hospitali nayo kazi yake ni hiyo hiyo. Ukiziweka mbili pamoja, mfuko wa uzazi unaweza kubana mfululizo bila kupumzika. Kila unapobana, damu inayokwenda kwa mtoto hupungua kwa muda. Mtoto anahitaji ule upenyo kati ya uchungu mmoja na mwingine ili apate hewa. Upenyo ukikosekana, anachoka, na mfuko wenyewe unaweza hata kuchanika. Hapo ni hatari kwa maisha ya wote wawili.

Nilikaa chini ya uangalizi mpaka saa 8:00 mchana, mapigo ya mtoto yakisikilizwa kila nusu saa. Hakuna kilichotokea. Ndipo tukaanza.

Je, njia imeiva?

Kabla ya dawa, daktari alinipima njia. Lengo ni kujua kama shingo ya kizazi iko tayari. Wanaangalia mambo matano: imefunguka kiasi gani, imekuwa fupi kiasi gani, ni laini au ngumu, imeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Kila kimoja kinapewa alama, na jumla ya juu kabisa ni 13. Utaratibu huu ulitolewa mwaka 1964 na daktari wa Marekani, Edward Bishop, na bado unatumika.

Alama zikiwa 6 au chini yake, njia haijaiva. Mimi nilipata 3. Ilikuwa imefunguka sentimita moja tu.

Jambo hili laiti ningelijua mapema. Kama njia haijaiva, hatua ya kwanza ni kuilainisha, na kulainisha peke yake kunaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa "tumeanza" asubuhi, usiwapigie ndugu simu kwamba jioni mtoto amefika.

Njia za kulainisha ni kama hizi:

Mpira wenye puto. Mpira mwembamba unapitishwa kwenye shingo ya kizazi, kisha puto lake linajazwa maji. Puto linasukuma taratibu mpaka njia inafunguka. Hauna dawa ndani yake.

Misoprostoli. Hii ni dawa ya kunywa au kuwekwa ukeni. Hii ndiyo niliyopewa.

Kidonge kimoja, dozi nane

Misoprostoli ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Ndiyo maana kidonge chake cha kawaida kina mikrogramu 200. Lakini kiwango cha kuanzishia uchungu ambacho WHO inapendekeza ni mikrogramu 25 za kunywa kila baada ya saa mbili. Yaani kidonge kimoja ni dozi nane.

Huwezi kukata kidonge kidogo vile vipande nane vilivyo sawa kwa wembe. Kwangu walikiyeyusha kwenye mililita 200 za maji safi, na kila baada ya saa mbili wakanipa mililita 25 nywe. Kikombe kile nilichokiona asubuhi kilikuwa na mafunda mawili tu, kama yale ya shangazi. Tofauti ni kwamba haya yalikuwa yamepimwa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakushauri ununue kidonge hiki dukani umeze nyumbani "ili usikae sana hospitali", piga hesabu. Kidonge kizima ni mara nane ya dozi. Na nyumbani hakuna anayesikiliza moyo wa mtoto.

Wako pia ambao hawapaswi kabisa kupewa dawa hii kuanzishia uchungu. Aliyewahi kujifungua kwa operesheni ni mmoja wao, kwa sababu kovu la kwenye mfuko wa uzazi linaweza kuachia. Kama una kovu, liseme hata kama hujaulizwa. Na kama mtoto amekaa kwa kulala au kondo limeziba njia, hapo hakuna kuanzishiwa. Ni operesheni moja kwa moja.

Usiku mrefu

Dozi ya kwanza saa 8:00 mchana: kimya. Ya saa 10:00: kimya. Ya saa 12:00 jioni: tumbo likaanza kukaza kidogo, kama maumivu ya hedhi. Nikafurahi kweli, nikadhani ndiyo hiyo.

Haikuwa hiyo. Usiku kucha uchungu ulikuja ukaondoka. Niliangalia kitanda cha jirani: mama aliyekuja saa 3:00 usiku akiwa na uchungu wake mwenyewe, saa 8:00 usiku ameshapakata mtoto. Nikalia. Nikahisi mwili wangu una kasoro.

Nesi wa zamu ya usiku alinikuta hivyo. "Huyo ni mtoto wake wa tatu," akasema. "Wewe njia yako haijawahi kupitisha mtu. Tulia, tembea kidogo, kunywa maji." Akanisugua mgongo.

Alikuwa sahihi. Kwa mujibu wa WHO, uchungu kamili unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na kutoka hapo mama wa mara ya kwanza anaweza kuchukua hadi saa 12 kufikia sentimita 10 na ikawa ni kawaida. Muda wa kabla ya sentimita 5 haujawekewa kikomo, kwa sababu kila mwanamke ana wake.

Dripu

Asubuhi nilikuwa na sentimita 4. Dozi ya mwisho ya misoprostoli nilikuwa nimekunywa saa 6:00 usiku. Saa 2:00 asubuhi wakanipasua chupa, na saa 3:00 nikawekewa dripu ya uchungu.

Ndani ya dripu kuna oksitosini. Mwili wako unaitengeneza wenyewe, na ndiyo inayoubana mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua na kuyatoa maziwa wakati wa kunyonyesha. Mwanasayansi Vincent du Vigneaud alifanikiwa kuitengeneza maabara mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Je, uchungu wa dripu unauma zaidi? Nitakujibu kwa uaminifu: kwangu ulikuja kwa kasi. Uchungu wa kawaida hupanda ngazi pole pole, huu ulipanda na lifti. Akina mama wengi wanasema hivyo hivyo. Ndiyo maana dripu inaanza na matone machache, yanaongezwa kidogo kidogo huku wanahesabu uchungu: ni mara ngapi ndani ya dakika kumi? Mara tatu hadi tano inatosha. Zaidi ya tano ni hatari.

Saa 6:00 mchana yangu ilivuka hapo. Uchungu mmoja haujaisha mwingine umeshaingia. Nilishindwa hata kusema. Nesi alikuwa pembeni ameweka mkono tumboni kwangu, akasikiliza moyo wa mtoto. Kawaida mapigo yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Niliona uso wake ukibadilika.

Akafunga dripu hapo hapo. Akanigeuza nilalie ubavu wa kushoto. Akamwita daktari. Akaendelea kusikiliza, mimi namwangalia machoni.

Dakika chache zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko usiku mzima. Kisha akasema: "Amerudi. Mia moja thelathini."

Hapo ndipo nilipoelewa lile swali lake la jana. Kama angekuwa hayupo pale, au kama mwilini mwangu kungekuwa na kitu kingine asichokijua, sijui ningekuwa naandika nini leo. WHO inasema wazi kwamba mama aliyepewa dawa hizi asiachwe peke yake. Sasa najua kwa nini.

Dripu ilifunguliwa tena baadaye kwa matone machache. Saa 10:00 jioni nilifika sentimita 10. Saa 11:20 jioni ya tarehe 27 Machi, saa 27 na dakika 20 tangu kikombe cha kwanza, binti yangu akalia. Kilo 3.3.

Dakika ile ile nikachomwa sindano ya paja. Ni oksitosini tena, safari hii ya kuubana mfuko wa uzazi usitoe damu nyingi. Usiikatae. Mfuko uliofanya kazi muda mrefu unaweza kuchoka ukashindwa kujibana, na damu ikatoka nyingi kwa muda mfupi.

Je, ukianzishiwa lazima uishie kwa operesheni?

Hapana. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa wanawake zaidi ya 6,000 wenye mimba ya kwanza na wasio na matatizo. Walioanzishiwa uchungu wakiwa na wiki 39, asilimia 18.6 walijifungua kwa operesheni. Walioachwa wasubiri, ilikuwa asilimia 22.2.

Hii haimaanishi kila mtu aombe kuanzishiwa. Wale walikuwa na uangalizi wa karibu na vifaa vya kutosha. Inachoonyesha ni kwamba kuanzishiwa peke yake si tiketi ya kwenda chumba cha upasuaji. Wapo ambao dawa inashindwa au mtoto anachoka, na wao hupelekwa. Hilo nalo si kosa la mama.

Maswali ya kuuliza kabla hujaanzishiwa

Una haki ya kuelezwa na kukubali. Yaandike kwenye simu yako:

1. Sababu ya kunianzishia ni ipi, na tukisubiri kuna hatari gani?
2. Umri wa mimba yangu mmeuhakikisha vipi?
3. Njia yangu imeiva kiasi gani?
4. Mtatumia dawa gani, na kwa kiasi gani?
5. Nani atasikiliza moyo wa mtoto, na kila baada ya muda gani?
6. Isipofanya kazi, kinachofuata ni nini?

Na uchungu ukishaanza, mwite nesi mara moja kama uchungu haukupi nafasi ya kupumua, mtoto ameacha kucheza, unatokwa damu nyingi, maji yanatoka ya kijani, au unaumwa kichwa sana na kuona maruweruwe.

Na ile chupa?

Shangazi aliruhusiwa kuingia kesho yake asubuhi. Akampokea mtoto, akamwangalia masikio, vidole, kila kitu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile dawa ilisaidia.

"Shangazi, nilinywa mafunda mawili tu," nikamwambia. "Na niliwaambia manesi."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasubiri kwanza, ndiyo wakanipa ya kwao."

Alinyamaza kidogo, akamfunika mtoto vizuri kwenye khanga. "Afadhali ulisema," akajibu.

Tuliporudi nyumbani, chupa haikuwepo tena jikoni.